Je, Wajua? Mashamba ya Mawe Chini ya Mlima wa Moto

Je, wajua kwamba ukitoka mji wa Mto wa Mbu kwa gari, ukashika njia ya Ziwa Natron, utapita kando ya mashamba yaliyoachwa tangu karne ya 18?

Hapo ni Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Wakulima wake walianza kazi karne ya 15. Walikinga vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Ngorongoro, wakayaongoza maji kwa mifereji ya mawe hadi kwenye vitalu vya mtama. Eneo lote ni takriban hekta 2,000. Mawe yalipangwa bila udongo wala chokaa, na kuta nyingi zingalipo hadi leo. Huo ni uhandisi wa kuheshimiwa!

Mbele yake umesimama mlima Oldoinyo Lengai, mita 2,962. Ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti. Lava hiyo ni nyeusi na hutiririka upesi kama maji. Joto lake ni karibu nusu ya lava ya kawaida. Ikikutana na unyevu, hugeuka nyeupe.

Ukifika Engaruka, tafadhali usihamishe hata jiwe moja.