Kuanzisha Uchungu: Mtoto Hafuati Siku za Likizo

Askari aliyepewa likizo ya siku 14 mkewe akiwa karibu kujifungua huhesabu siku hizo kwa wasiwasi. Ikifika ya 12 na mtoto bado, huenda akamwomba mkunga auanzishe uchungu kwa dawa, ili amwone mwanawe kabla ya kurejea kambini. Ombi hilo latoka moyoni. Lakini likizo haiwezi kuamua siku ya kuzaliwa mtoto.

Kuanzisha uchungu ni kuufanya mji wa mimba uanze kukaza kabla haujaanza wenyewe. Wakunga na madaktari hutumia vidonge vya misoprostoli, dripu ya oksitosini, au mpira mwembamba wenye kipira cha maji cha kuufungua mlango wa kizazi. Katika mwongozo wake wa mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilishauri hatua hiyo mimba inapotimiza majuma 41 kwa hakika, kwani baada ya hapo hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka. Kabla ya hapo, mimba isiyo na tatizo haikushauriwa kuharakishwa.

Ni kweli kwamba mwaka huo huo madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanawake 6,106 wa mimba ya kwanza, isiyo na hatari, katika hospitali 41. Kati ya walioanzishiwa uchungu katika juma la 39, asilimia 18.6 walizaa kwa upasuaji. Kati ya waliosubiri, asilimia 22.2. Kwa watoto haikuthibitika tofauti. Lakini umri wa mimba hizo ulikuwa umehakikishwa mapema kwa kipimo, nazo hospitali zilikuwa na uwezo wa kupasua. Mahali pasipo na uangalizi, dawa hizo hizo zaweza kuukaza mji wa mimba kupita kiasi, zikamkosesha mtoto hewa, au zikaupasua mji huo, hasa wa mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji.

Basi wajibu wa mume waanza mapema. Mke aende kliniki miezi ya mwanzo, akiikumbuka tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Inapowezekana apigwe picha ya tumbo kabla ya juma la 24. Asipewe vidonge vya dukani wala mitishamba ya kuharakisha uzazi. Akitokwa na damu, akiumwa sana na kichwa, akiona kiwi, au mtoto akipunguza kucheza, apelekwe hospitali saa ile ile. Nauli, na mtu wa kumsindikiza, viwekwe tayari kabla mume hajaondoka.

Daktari akishauri uchungu uanzishwe, ulizeni sababu, na mama aamue akiwa amefahamu. Baba aweza kumwona mwanawe juma moja baadaye bila hasara yoyote. Mama aliyeharakishwa bila sababu huenda asiwepo kumpokea.