Usukani wa meli ya mbao: Kazi ya vidole vya mtoto, jicho la mzazi

Kigoma. Kasulu na Kibondo ziko juu milimani, mbali na Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, watoto wa huku wana meli zao: kipande cha mbao kilichochongwa, mlingoti wa kijiti na tanga la kipande cha kiroba. Mara nyingi kinachokosekana ni usukani.

Wengi huuchukulia usukani kama pambo. Lakini meli isiyo nao huenda upepo unakoipeleka, na ikishasogea mbali na ukingo, mtoto huifuata. Kwa familia zilizo jirani na Mto Malagarasi, vijito, au mashimo ya udongo wa matofali yaliyojaa maji ya mvua, hapo ndipo mchezo hugeuka hatari.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linataja kuzama majini kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya watoto. Mzazi hana haja ya kuivunja meli ya mwanawe. Akae naye, waifunge usukani, kisha wakubaliane itaelea wapi.

Unavyofanya kazi

Kwenye mashua za kweli, usukani huning'inia nyuma, sehemu ambayo mabaharia huiita tezi. Hushikwa na bawaba za aina yake: pini za chuma zilizofungwa kwenye usukani huingia ndani ya pete zilizofungwa kwenye mashua. Pini hutazama chini, hivyo usukani unaweza kunyanyuliwa na kutolewa bila kung'oa chochote.

Kwa meli ya sentimita 30, tumia ubao mwembamba wa msonobari wenye urefu wa sentimita nane na upana wa sentimita nne. Sehemu yake ya chini isipite mkuku, yaani uti wa chini wa meli, la sivyo itavunjika meli ikiwekwa mezani.

Hatua kwa hatua

Kwanza, mtoto asugue kwa msasa ukingo wa usukani unaotazama meli hadi uwe wa mviringo. Ukiachwa na kona, utagonga mbao na kukataa kugeuka.

Pili, shika usukani mahali utakapokaa. Mtoto achore mistari miwili kwa penseli, kila mmoja ukivuka usukani na meli kwa pamoja. Hivyo pete na pini zitalingana.

Tatu, zungusha waya kwenye msumari mwembamba kupata pete mbili. Sokota mikia yake na uiingize kwenye matundu madogo ya tezi. Kila pini ni waya uliokunjwa kona: mguu mfupi huingia kwenye ukingo wa usukani, mrefu hutazama chini.

Nne, pini ya chini iwe ndefu kidogo kuliko ya juu. Utaiingiza hiyo kwanza, kisha ya juu itapata pete yake kwa urahisi. Zikilingana, utahangaika kuzilenga zote mbili kwa wakati mmoja.

Tano, jaribu kabla ya kupaka gundi. Usukani ukikwama, pete haziko kwenye mstari mmoja. Gundi nyeupe ya mbao hulainika majini, hivyo ikikauka ipakwe vanishi.

Kwa mtoto wa miaka sita au saba, acha waya. Vipande viwili vya tyubu ya baiskeli vilivyopigiliwa kwa misumari midogo ni bawaba tosha.

Mwachie afanye

Hapa ndipo wazazi wengi humpokonya mtoto kazi kwa sababu anachelewa. Mvumilie. Kulenga pini kwenye pete humzoesha kutumia macho na vidole kwa pamoja, uwezo uleule anaouhitaji kuandika na kufunga vifungo vya shati.

Wakati gundi inakauka, msimulie habari za MV Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na treni hadi Kigoma. Iliunganishwa huko na kushushwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, lakini iliibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927.

Jicho la mzazi

Kisu, kutoboa matundu na kukata waya ni kazi ya mtu mzima. Ncha ya waya inaweza kuruka na kuingia jichoni, hivyo ishike unapoikata. Sugueni msasa nje, kwani vumbi la mbao huwasha koo na mapafu. Epuka rangi za zamani, maana zinaweza kuwa na madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto. Pete na misumari iwe mbali na walio chini ya miaka mitatu, wasije wakapaliwa.

Majini, geuza usukani kidogo upande mmoja na uukaze kwa mpira. Meli ikipata upepo itazunguka badala ya kwenda moja kwa moja. Usiutegemee peke yake: funga uzi wa mita mbili mbele ya meli.

Safari ya kwanza iwe kwenye beseni uani, mtu mzima akiwa karibu. Mchezo ukiisha, mwaga maji papo hapo. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji machache ya beseni.