Mwenzako Akizidiwa Ngomani

Mkoa wa Dodoma ni mkoa wa ngoma. Kina mama wa Kigogo hupiga muheme. Wazee hupiga zeze. Vijana hucheza mpaka vumbi linapaa. Tangu mwaka 2009 tamasha la muziki wa Kigogo limekuwa likifanyika katika kijiji cha Chamwino, na vikundi hutoka vijiji vingi kuja kucheza. Ngoma ni jambo jema. Hutuunganisha na kutukumbusha asili yetu.

Lakini popote duniani watu wanapokusanyika kwa muziki, anaweza kujipenyeza mtu wa kuuza dawa za kulevya. Je, mwenzako akizidiwa na dawa hizo, utajua la kufanya?

Dawa za kuchangamsha

Dawa za kulevya ziko za namna nyingi. Nyingine humlegeza mtu akasinzia. Nyingine humchangamsha kupita kiasi. Leo tunazungumzia hizo za kuchangamsha. Mirungi ni mojawapo. Ni majani yanayotafunwa. Nyingine ni kokeini, amfetamini na methamfetamini. Hizi huja kama unga, chenga au vidonge. Zote zimekatazwa na sheria za Tanzania.

Mtu aliyetumia dawa hizi hasikii uchovu, njaa wala usingizi. Hudhani amepata nguvu mpya. Sivyo. Uchovu ni mlinzi wa mwili. Ndio unaotuambia: kaa kivulini, kunywa maji, pumzika. Dawa humnyamazisha mlinzi huyo. Mtu huendelea kucheza juani, moyo unakwenda mbio, na mwili unazidi kupata joto.

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 hivi. Likifika 40, na mtu akachanganyikiwa, hiyo ni hatari kubwa. Ubongo, figo na ini huanza kuharibika. Mtu anaweza kufa katika muda wa saa chache.

Jambo hili liliwahi kuonekana mbele ya watu wengi. Mwaka 1967 Tom Simpson, bingwa wa baiskeli kutoka Uingereza, alikuwa akishindana huko Ufaransa. Siku hiyo jua lilikuwa kali, naye alikuwa akipanda mlima. Alianguka, akapandishwa tena kwenye baiskeli, akaanguka mara ya pili, akafa. Madaktari walikuta amfetamini na pombe mwilini mwake. Alikuwa kijana wa miaka 29. Jua, kazi ngumu na dawa vilikutana pamoja vikamuua.

Dalili za hatari

Mtazame mwenzako. Dalili ni hizi:

1. Mwili una joto kali.
2. Moyo unakwenda mbio, au kifua kinauma.
3. Mboni za macho zimepanuka.
4. Ana hofu, anapiga kelele au anapigana bila sababu.
5. Maneno yake hayaeleweki.
6. Anapata degedege au anazimia.

Watu wengine wakiona hayo husema, "Amelewa tu, mwacheni alale." Wengine husema amepandwa na mashetani. Huku wakibishana, mwili unaendelea kuwaka moto.

Mambo ya kufanya

1. Tuma mtu mara moja akaite mganga wa zahanati na kutafuta gari.
2. Mpeleke mgonjwa kivulini, mahali pasipo na kelele. Sema naye kwa upole.
3. Mvue nguo nzito. Lowesha kanga, mfunike mwilini, kisha mpepee. Kanga ikikauka, iloweshe tena.

Huenda utasema, "Kwetu maji ni shida." Ndoo moja inaweza kusaidia sana. Kumbuka mtungi wa maji. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu mtungi hutoa jasho, na hewa hulikausha jasho hilo. Hewa kavu ya Dodoma huikausha kanga vivyo hivyo, na joto la mgonjwa huondoka pamoja na unyevu.

4. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe maji kidogo kidogo. Usimlazimishe kunywa mengi. Maji kupita kiasi huweza kudhuru ubongo.
5. Akizimia lakini anapumua, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe koo.
6. Akiacha kupumua, mlaze chali. Gandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mkichoka, pokezaneni mpaka msaada ufike.

Mambo ya kuepuka

Usimfunge kamba, wala usimkalie mgongoni. Anapopambana na kamba, misuli hufanya kazi na joto huzidi. Akikandamizwa, hushindwa kupumua. Usimtie kijiko mdomoni anapopata degedege. Usimpe pombe wala dawa nyingine. Usimfunike blanketi.

Mwambieni mganga ukweli

Hapa ndipo wengi hupotezwa. Rafiki zake huogopa polisi. Wazazi huona aibu. Basi humwambia mganga, "Ni homa tu." Mganga hupoteza muda akitafuta ugonjwa mwingine. Semeni wazi: ametumia kitu gani, saa ngapi, kiasi gani, na kama amekunywa pombe. Kama mna masalio ya dawa hiyo, mwonyesheni.

Mganga atapima joto, mapigo ya moyo, sukari na malaria, kwa maana malaria kali nayo huchanganya akili. Anaweza kumpa dawa ya kutuliza, kumwekea dripu na kumpoza zaidi. Akiona hali ni mbaya, atampeleka hospitali kubwa. Akipona na akataka kuacha dawa hizo, apelekwe kutibiwa. Hospitali ya Mirembe, mjini Dodoma, huwatibu pia watu walioathiriwa na dawa za kulevya.

Ndugu msomaji, aibu hupita, lakini aliyekufa harudi. Kabla ya ngoma ijayo, kaeni na kamati ya kijiji. Tengeni kivuli, maji na kanga kuukuu. Chagueni watu wa kutoa huduma ya kwanza, na jueni gari litatoka wapi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini si vizuri kumfunga kamba mgonjwa wa namna hii?
2. Kanga yenye maji hupunguzaje joto la mwili?
3. Kijijini kwenu, nani atatumwa kumwita mganga?