Saratani ya koo: kwa nini mjomba hakupasuliwa

Mdau mmoja kaniuliza: kama saratani ya koo la chakula inatibika, mbona kila anayemjua aliyeugua keshafariki? Swali zito, na linanigusa. Mjomba wangu wa Moshi alianza na nyama kukwama kifuani, anashushia na maji. Baadaye ugali, mwisho ikawa uji tu. Miezi minne yote alikuwa anameza dawa za vidonda vya tumbo.

Tunaongelea umio, ule mrija unaopeleka chakula tumboni. Unatanuka kama mpira, kwa hiyo mtu hasikii kitu mpaka uvimbe uwe umeshaziba sehemu kubwa. Hapo ndipo tatizo lilipo.

Uvimbe ukikutwa bado uko juujuu kwenye utando wa ndani, unaweza kuondolewa kwa endoskopi, ile kamera ya kupitishia mdomoni, bila kupasua kifua. Ukishazama ndani ila haujasambaa mbali, wanaanza kemo na mionzi kwa pamoja, halafu upasuaji: umio unatolewa, tumbo linavutwa juu liwe mrija mpya. (Ndiyo, tumbo linapandishwa kifuani, na mtu anakula! Kidogo kidogo lakini anakula.) Utafiti wa Uholanzi uitwao CROSS, matokeo yake ya mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 366. Kwa waliopasuliwa tu, nusu walivuka miezi 24. Kwa waliotanguliziwa kemo na mionzi, nusu walivuka miezi 49. Na ile aina inayoitwa skwamasi, ambayo ndiyo imejaa huku kwetu, ilinufaika zaidi.

Lakini jamani, msichukue namba hizo mkampa kila mgonjwa. Wale walichaguliwa, bado wana nguvu na ugonjwa haujasambaa. Mjomba alipopigwa siti skani ulikuwa umeshafika kwenye ini. Kumpasua kungemtesa bure.

Akawekewa stenti, kimrija cha wavu wa chuma kinachotanuka na kufungua njia. Hakiui saratani, daktari alituambia wazi. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, ilitoa ripoti mwaka 2009 ya wagonjwa zaidi ya 900 waliowekewa: kumeza kulirudi vizuri, ila nusu yao hawakuvuka takriban miezi minane. Kuna pia mionzi ya kupunguza uvimbe ili mtu ameze, bila kutegemea kupona.

Mwenye mzee nyumbani ambaye chakula kinamkwama wiki mbili mfululizo, muombeeni endoskopi moja kwa moja. Msianze na vidonge kama sisi.

Mjomba alikunywa maji jioni ileile. Krismasi alikula mtori bakuli zima, akaomba mwingine, shangazi akalia jikoni. Alifariki mwezi wa tatu.