Jumapili hii ipe bahari mgongo, panda Nguuni

Wewe wa Magogoni, ukiambiwa "twende tukatembee", akili inakwenda wapi? Pirates, sivyo? Unarudi na mchanga kwenye viatu, umati umekuchosha na nauli imekatika. Jumapili hii jaribu upande wa pili.

Shika matatu hadi Kiembeni, kisha bodaboda ikufikishe lango la Nguuni. Nguu ni kilele cha mlima, lakini usiogope, hapa si Mlima Kenya. Ni vilima vya nyasi, raba zako za kila siku zinatosha. Lipa kiingilio, beba maji, nenda mwendo wa saa kumi jua likishapoa.

Ukipanda kidogo tu, honi zinapotea. Unabaki na upepo na mikoma, ile miti ya jamii ya mnazi ambayo shina lake hugawanyika kama panda ya manati. Mbuni anapita zake. Pofu wanakula nyasi. Twiga anakutazama vile mama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji mwenye deni. Usimsogelee kwa sababu ya selfi.

Mimi nilipanda mara ya kwanza wiki niliyoacha chuo. Nyumbani kila mtu alikuwa na swali, maskani kila mtu alikuwa na ushauri. Kule juu hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikaa, nikalia kidogo, nikala mahamri yangu.

Ukishapumua, kumbuka pale Haller Park. Ule msitu zamani ulikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mwamba mtupu usioota kitu. Mwaka 1971 Rene Haller akaanza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikashika 3 tu, mvinje ukiwemo. Kwa hesabu ya mtihani, huko ni kufeli vibaya. Lakini ni hizo 3 zilizoanzisha kivuli unachokiona leo.

Sikwambii kilima kitakutafutia kazi. Mimi mwenyewe bado natafuta. Nakwambia tu kwamba karibu na kwetu kuna mahali unaweza kukaa kimya bila mtu kukuuliza umefikia wapi na maisha.

Shuka kabla ya magharibi. Giza likiingia, bodaboda hupandisha bei.