Marehemu Alikuwa na Sukari: Kweli na Uongo wa Chini ya Turubai

Kama umewahi kukaa msibani Kasulu, Kibondo au Buhigwe, unajua kwamba marehemu huwa na wasifu mbili. Wa kwanza husomwa makaburini, kutoka kwenye karatasi: alizaliwa wapi, akaolewa na nani, mwaka gani alianza kusumbuliwa na sukari na presha, alitibiwa hospitali ya Kabanga, akapelekwa hospitali ya Maweni, akarudishwa nyumbani, mauti yakamfika; ameacha mume, watoto na wajukuu.

Wa pili hauna karatasi. Huo huzungumzwa jioni chini ya turubai, watu wakiwa wameinamiana, maharage yakiendelea kuchemka nyuma ya nyumba. Humo ndimo utasikia nani alimroga, sindano zilimfanyaje, na kwamba wanawe ndio waliomtia presha. Umeyasikia, usikatae. Pengine hata wewe umechangia sentensi moja. Shida ni kwamba watoto wa marehemu nao wanasikia, na wasifu huu wa pili ndio watakaokua nao. Basi tuuchukue tuupime, kauli kwa kauli.

"Kisukari ni ugonjwa wa watu wa mjini. Huyu mama alikuwa mkulima, ulimpataje?"

Uongo wa leo, ingawa jana ilikuwa karibu na kweli. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji sita vya Tanzania: waliokuwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika kila watu wazima 100. Kwa hiyo wazee waliosema hawakuujua ugonjwa huu ujanani mwao hawakuwa wakitudanganya. Lakini mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulipata kisukari kwa asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo mbili hazikupima umri uleule wala kwa vigezo vilevile, hata hivyo pengo ni kubwa mno kulipuuza. Soda imefika hadi mwisho wa barabara ya vumbi, na safari ya sokoni tuliyokuwa tukiikata kwa miguu siku hizi tunapanda bodaboda. Jembe pekee halimkingi mtu.

"Kile kidonda cha mguu hakikuwa cha kawaida. Alikanyaga kitu kilichotegwa."

Uongo. Najua ninaandika kuhusu Kigoma, mkoa ambao Watanzania wengine hawawezi kuutaja bila mzaha wa uchawi, na sitaki kuwaongezea mzaha. Ila kidonda hiki kina maelezo, tena mazuri kuliko ya tego.

Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na ya miguuni huwa ya kwanza kuumia. Mguu unaingia ganzi. Mtu anatoka shambani na mwiba umezama kwenye unyayo na hana habari. Anaota moto, kidole kinaungua, wa kwanza kujua ni pua ya jirani. Na damu nayo haifiki vizuri mguuni, kwa hiyo kidonda hakifungi. Ndiyo maana mtu "analala mzima na kuamka na jeraha", jambo ambalo kweli linatisha.

Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake, ambao wametibu miguu ya wagonjwa wa kisukari Dar es Salaam kwa miaka mingi, waliandika kuhusu wagonjwa wao waliotafunwa vidole na panya usiku wakiwa usingizini, bila kusikia kitu. Wazee walishatuambia kwamba panya huuma huku akipuliza. Kwa mwenye ganzi hana hata haja ya kupuliza.

Kinga yake haina mganga: kuvaa viatu hata ndani ya uzio, kukagua nyayo kila usiku kwa taa, na kukimbiza kidonda kidogo hospitali kikiwa bado kidogo. Mume au mtoto anaweza kuwa macho ya mama asiyeweza kuinama.

"Walipomwanzishia insulini, tukajua safari imefika mwisho."

Uongo, na ni miongoni mwa uongo unaoua. Watu huuamini kwa sababu wamemwona mgonjwa aliyeanza sindano akafa baada ya wiki chache. Hawaangalii kwamba alikataa sindano miaka mitatu, akaikubali figo zikiwa zimeshachoka.

Nikupe mke na mama mmoja ambaye maisha yake yanajibu hoja hii yote. Elizabeth Hughes, binti wa Charles Evans Hughes aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alipata kisukari akiwa mtoto, kabla dawa haijapatikana. Tiba ya wakati ule ilikuwa njaa: kula kidogo kabisa ili kifo kichelewe. Agosti 1922, akikaribia kutimiza miaka 15, alifikishwa Toronto, Kanada, akiwa na uzito wa kilo 20 hivi. Huko daktari Frederick Banting alikuwa ndio kwanza ameanza kuwachoma wagonjwa dutu mpya iliyokamuliwa kwenye kongosho za wanyama, ndiyo insulini. Elizabeth akachomwa. Akanenepa, akamaliza chuo, akaolewa na mwanasheria William Gossett mwaka 1930, akazaa watoto watatu. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 73, baada ya sindano zinazokadiriwa kufika 42,000.

Kwa hiyo na ile kauli nyingine, "mwenye sukari asizae", tumeshaijibu. Uongo, lakini wenye onyo ndani yake: mimba ya mwenye kisukari ina hatari zaidi kwa mama na mtoto, inatakiwa ipangwe, sukari iwe imeshuka kabla, na kliniki iwe ya mara kwa mara kuliko ya wengine.

Jambo moja la Elizabeth linanisikitisha. Aliuficha ugonjwa wake karibu maisha yote, hadi mwanahistoria Michael Bliss alipomtafuta uzeeni. Mtu aliyekuwa na mengi ya kuwafundisha wagonjwa wenzake alikaa nayo kimya kwa zaidi ya nusu karne. Kasulu pia wamo akina mama wanaochoma sindano jikoni, mlango umefungwa.

"Insulini bila friji? Kijijini haiwezekani."

Uongo, na hapa wazee wanastahili kiti cha mbele. Chupa ambazo hazijafunguliwa huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, hilo ni sahihi, na kituo cha afya chenye friji kinaweza kukusaidia kuzitunza. Lakini chupa inayotumika inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, mahali pa kivuli. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha uchunguzi uliofuata joto halisi la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Insulini ilivumilia joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne na ikabaki na nguvu zake. Sasa linganisha joto la Dadaab na asubuhi za Kasulu, ambako watu hutoka na makoti. Na chungu cha udongo chenye maji, kile kile cha bibi, hupoza vizuri: weka chupa kwenye kopo kavu lenye mfuniko, kopo ndani ya chungu, chungu kivulini. Usiiweke dirishani, wala juu ya bati.

"Ugali wa muhogo hauna neno, kwa kuwa hauna sukari."

Uongo. Muhogo ni wanga, na wanga tumboni hugeuka sukari. Mahindi ni vilevile. Hakuna aliyesema Muha wa hapa Kigoma aache ugali. Ni suala la ukubwa wa tonge na idadi yake. Maharage, kwa upande mwingine, yanapandisha sukari polepole, na sisi tunayalima wenyewe. Mboga na maharage yajaze sahani, ugali uwe pembeni.

"Dawa chungu za miti ndizo zinazoshusha sukari."

Nusu kweli, na inabidi nieleze kila nusu.

Nusu iliyo kweli: miti ina dawa. Vidonge vya metformini, ambavyo wagonjwa wengi wa kisukari humeza kila siku, asili yake ni utafiti wa mmea uitwao Galega officinalis, uliotumika kama dawa ya kienyeji Ulaya kwa karne nyingi. Daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyechapisha matokeo ya kuvitumia kwa wagonjwa wa kisukari, mwaka 1957. Anayecheka miti shamba huku amemeza metformini anajicheka.

Nusu iliyo uongo unaikumbuka. Mwaka 2011 nchi nzima iligeukia Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Kikombe kimoja, shilingi 500, kikasemwa kinaponya kisukari, ukimwi, saratani na mengine. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, watu wakatolewa wodini kupelekwa huko. Waliokunywa na kuendelea na dawa zao hawakupata hasara kubwa. Waliokunywa wakaacha dawa ndio walioumia. Masapila alifariki Julai 2021, na kisukari bado kipo.

Tofauti ya kidonge na kikombe ni kipimo. Kidonge kina miligramu zinazojulikana. Sufuria ya majani haina. Ukichanganya vyote viwili bila kumwambia mganga wala daktari, sukari inaweza kushuka mno mama akazimia.

"Presha ni mawazo. Wanawe ndio waliomuua."

Nusu kweli, ila hukumu juu ya watoto ni uongo mtupu. Hasira na hofu hupandisha presha kwa muda. Presha ya kudumu hutokana zaidi na umri, ukoo, uzito, pombe, figo na chumvi. Tena hapa Kigoma chumvi ni urithi wetu: ya Uvinza imechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na misafara iliifuata kutoka mbali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo ihesabiwe ile iliyomo tayari kwenye dagaa wakavu. Uchunguzi uleule wa 2012 ulikuta asilimia 26 ya watu wazima wana presha ya juu. Wengi hawakuwa wakijua, kwa kuwa presha haina desturi ya kubisha hodi. Na anayeacha vidonge kwa sababu "najisikia vizuri" anasahau kwamba hivyo vidonge ndivyo vinavyoizuia presha isipande kimyakimya.

"Masikini mumewe. Alikuwa mzigo tu, miaka yote mgonjwa."

Uongo, na ndio unaoniudhi kuliko wote. Gharama zilikuwepo, hilo halifichiki: nauli ya kliniki, mbuzi aliyeuzwa, siku za palizi zilizopotea kwenye benchi la hospitali. Lakini anayechoma sindano mara mbili kwa siku anachoma mara 730 kwa mwaka, na mwanamke huyu alifanya hivyo huku analima, anapika, anasuluhisha ugomvi wa wakwe na kuhakikisha ada imepatikana. Alijua kwa jasho la mikono kwamba sukari inashuka kabla mashine haijasema. Alijua akipalilia hadi saa sita ale nini saa nne. Huo ni ujuzi, na katika wasifu wa makaburini haukupata hata mstari mmoja, ilhali majina ya hospitali yalijaza nusu karatasi. Na mume aliyejifunza kujaza bomba la sindano, asiyewahi kushika hata thamometa, naye atajwe. Huwa tunawasahau wanaume wa aina hiyo, labda kwa kuwa ni wachache.

"Watoto wasiambiwe. Msimtajetaje mama yao, watasahau."

Uongo. Mtoto asiyeambiwa hutunga sababu yake mwenyewe, na mara nyingi sababu hiyo huwa ni yeye: nilimkasirisha, nilichelewa kuleta maji. Mwaka 1996 mtafiti Dennis Klass na wenzake wawili walikusanya tafiti katika kitabu kilichopinga wazo la muda mrefu la wanasaikolojia wa Magharibi kwamba mfiwa lazima akate uhusiano na marehemu ili apone. Waliona kwamba wafiwa wengi huendeleza uhusiano huo, na si ugonjwa. Afrika haikuhitaji kungoja hadi 1996. Mwanateolojia John Mbiti wa Kenya alishaeleza mwaka 1969 kwamba kwetu marehemu anayekumbukwa kwa jina bado yuko katika jamaa. Kwa hiyo mtajeni. Mwambieni mtoto ugonjwa ulivyoitwa, mama alivyouishi, na kwamba kosa halikuwa lake.

Imebaki kauli moja, ambayo husemwa kwa sauti ya chini kabisa: "Huu ugonjwa uko kwenye ukoo wao."

Kweli. Kisukari cha ukubwani na presha hufuata damu, na mtoto au ndugu wa mgonjwa ana hatari kubwa zaidi kuliko jirani yake. Kupima huchukua tone la damu la kidoleni na dakika chache za mkono kufungwa kitambaa cha presha. Kabla turubai halijashushwa na watu hawajapanda mabasi kurudi Dar es Salaam, Mwanza na Tabora, dada za marehemu, kaka zake na wanawe wakubwa waende kituo cha afya wakapime wote, siku moja, na kila mmoja aandike namba zake.