Kovu la Umio Si Lazima Liwe Saratani Iliyorudi

Umio ni njia ipitishayo chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Kwa mtu mzima urefu wake ni kadiri ya sentimita 25. Saratani ya umio huwapata watu wengi nchini Kenya, na mojawapo ya tiba zake ni mionzi.

Mionzi huua saratani, lakini pia huunguza utando laini wa ndani ya umio. Wakati wa matibabu utando huo huwa mwekundu, huvimba, na pengine hutoka vidonda, hata mgonjwa akaona maumivu amezapo. Kwa kawaida vidonda hivyo hupona majuma machache baada ya tiba kwisha. Lakini pengine huacha kovu, na kovu hujikunja na kuibana njia. Basi miezi kadhaa baadaye, mtu aliyekuwa amekwisha rudia kula vizuri huanza kukwamwa na nyama, kisha ugali, na mwisho hata uji.

Hapo wengine hukata tamaa, wakidhani ugonjwa umerudi, wakakaa nyumbani huku njaa ikiwamaliza. Huenda umerudi, huenda haukurudi. Wala hakuna awezaye kujua kwa kukisia.

Njia ya kujua ni kutazama. Mgonjwa hufunga kula kwa saa kadhaa kama alivyoagizwa, kisha daktari hupitisha kinywani mwake mpira mwembamba wenye taa na kamera. Kovu la mionzi mara nyingi huonekana jeupe na laini, lenye vishipa vya damu vilivyotanda juu yake. Saratani mara nyingi huwa na uvimbe wenye mabonde na vilima, utokao damu upesi. Hata hivyo macho yaweza kudanganyika. Kwa hiyo daktari huchukua vipande vidogo vya nyama vikapimwe kwa darubini.

Ikiwa ni kovu tu, njia hupanuliwa polepole, na mara nyingi kazi hiyo hurudiwa. Baada yake, maumivu makali ya kifua au homa yaweza kuwa dalili ya umio kutoboka. Mgonjwa arudi hospitali mara moja. Ikiwa ni saratani, bado msaada upo: huweza kuwekwa mrija wa waya utanukao wenyewe, kama ufanyavyo uganga wa Hospitali ya Tenwek huko Bomet, ili mgonjwa apate kula.

Basi aliyetibiwa akaanza kukwamwa tena, asingoje mpaka ashindwe kumeza mate. Na aende mapema.